Picha zangu zinasifiwa: je, nichukue Upigaji Picha kama somo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 16 na ninakaribia kuingia miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Shuleni kwetu kuna somo la Upigaji Picha, na fomu ya kuchagua masomo inatakiwa mwezi ujao. Napenda sana kupiga picha, ndugu na marafiki huniita kwenye kila shughuli, na wengi wanazisifu picha zangu. Lakini baba anasema hilo ni jambo la kujifurahisha, si somo, na kwamba nitapoteza nafasi ya somo la maana. Sina kamera, nina simu tu. Kuchora sijui kabisa. Masomo mengine niliyokwisha kuyachagua ni Fizikia na Hisabati, kwa sababu ninawazia kusomea usanifu majengo, ingawa sijakata shauri. Je, nilichukue? Na ndani ya somo lenyewe kuna nini hasa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hizo sifa, maana zinanitia wasiwasi kuliko maneno ya baba yako. Katika madarasa niliyofundisha, wanaohangaika zaidi muhula wa kwanza mara nyingi ndio waliokuja tayari wanajua kupiga picha nzuri. Wamezoea kupiga picha hamsini, kuchagua moja, kuirekebisha rangi kidogo na kuwatumia watu, kisha zile arobaini na tisa wanazifuta. Somo hili linazitaka hizo arobaini na tisa. Linataka kujua kwa nini uliziacha, zilikufundisha nini, na siku iliyofuata ulirudi kufanya nini tofauti. Aliyezoea kuonyesha picha moja iliyokamilika huona aibu kuanika zilizoharibika, na aibu hiyo humgharimu alama.

Usidhani huo ni ukali wa mwalimu mmoja. Ndivyo alama zinavyogawanywa. Chukua mfano wa A-level, yaani mtihani wa mwisho wa sekondari wa Uingereza, chini ya bodi ya mitihani ya AQA, ambako Upigaji Picha ni tawi la somo la Sanaa na Usanifu. Hakuna kukaa kwenye dawati na kujibu maswali ya kukariri. Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni utafiti binafsi: unachagua mada, unaifanyia kazi kwa miezi mingi, na unaandika maelezo ya maneno kati ya 1,000 na 3,000 yanayokwenda pamoja na picha zako. Hiyo ni asilimia 60. Ya pili, asilimia 40, bodi inatoa karatasi ya mada, unapewa muda wa kujiandaa, halafu kazi ya mwisho unaifanya kwa saa 15 chini ya usimamizi. Sehemu zote mbili zinasahihishwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: kukuza wazo kwa kuchunguza kazi za wengine, kujaribu vifaa na mbinu na kuziboresha, kurekodi uchunguzi na mawazo yako kadiri kazi inavyosonga, na kuwasilisha kazi ya mwisho yenye maana. Piga hesabu mwenyewe. Ile picha iliyokamilika, ambayo shangazi zako wanaisifu, inahesabiwa zaidi kwenye kigezo kimoja kati ya vinne. Robo tatu zilizobaki ziko njiani.

Mifumo mingine ina majina mengine na mgawanyo mwingine wa alama, kwa hiyo omba mtaala wa shule yako uusome mwenyewe, usisimuliwe. Lakini sijaona mtaala makini wa somo hili unaosahihisha uzuri wa picha peke yake.

Hiyo njia inaandikwa kwenye daftari la kazi, au siku hizi kwenye faili la kompyuta lenye kurasa kama daftari. Nikuonyeshe linavyokuwa kwa mada ya kubuni. Tuseme umepewa neno moja tu: "kungoja". Wengi wataanza kwa kuandika maana ya neno kutoka kwenye kamusi, kisha wabandike picha za mtandaoni za watu wakiwa kwenye foleni. Hapo hawajafanya kitu. Wewe unatoka na simu yako na kupiga watu wanaongoja: kituoni, nje ya mlango wa ofisi, pembeni ya uwanja. Unarudi na picha themanini. Unazichapa zote ndogondogo kwenye kurasa, unachukua kalamu, unaweka alama. Unagundua kwamba nyuso hazikwambii chochote, watu wote wameinamia simu zao, na kumbe picha zenye nguvu ni zile ambazo kwa bahati zimekata kichwa zikabaki na miguu na mifuko chini. Unaliandika hilo. Mara ya pili unapiga miguu na mifuko tu.

Sasa mwalimu anakuelekeza kwa Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Kijerumani walioanza mwaka 1959 kupiga picha minara ya maji, matangi na mitambo ya viwanda, kila mmoja kutoka mbele, kwa umbali unaofanana, kisha wakazipanga picha hizo kwa safu kama jedwali. Unavutiwa na ule utaratibu wa kurudia. Unarudi kupiga miguu ya wanaongoja kwa mkao uleule, na unashindwa: picha ya asubuhi ina kivuli kirefu, ya mchana haina, na ukizipanga pamoja jicho linaona vivuli badala ya miguu. Unarudi kusoma tena na kuona kwamba hao Becher walikuwa wakipenda mbingu ya mawingu, siku mwanga unapotawanyika na vivuli kufifia. Unangoja siku ya mawingu, unarudia. Safari hii picha tisa zinakubali kukaa pamoja. Ukiniletea daftari lenye safari hiyo yote, pamoja na kushindwa kwake, nitakupa alama za juu hata kama zile picha tisa si za kutundikwa ukutani. Ukiniletea zile tisa peke yake, mikono yangu imefungwa. Siwezi kuipa alama safari ambayo sikuiona.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wasifute kitu. Mwaka 1936, mpiga picha Dorothea Lange, akiwa anafanya kazi ya serikali ya Marekani ya kurekodi maisha ya wakulima waliofukarika, alimkuta mama mmoja na watoto wake ndani ya kibanda cha turubai huko Nipomo, California. Picha aliyoipiga hapo ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi duniani. Lakini hakupiga moja. Alipiga kadhaa, na zile nyingine zimehifadhiwa, kwa hiyo tunaweza kuona alivyokuwa akikaribia: kwanza turubai lote, baadaye mama na watoto, mwisho uso wa mama, mtoto mchanga mapajani, na watoto wengine wawili wamegeuza nyuso. Kila hatua alikuwa anaondoa kitu kwenye fremu. Ukiziweka hizo picha mezani mbele ya wanafunzi, somo la kupanga fremu limekwisha kabla sijafungua mdomo.

Picha hiyohiyo inafundisha na jambo chungu zaidi. Lange hakumuuliza yule mama jina lake. Lilikuja kujulikana mwaka 1978, mwenyewe alipojitokeza kwenye gazeti na kusema kwamba hakuwa amefaidika chochote na umaarufu wa sura yake. Wewe unayeitwa kwenye kila shughuli utakutana na swali hili mapema. Mtu aliyekubali upige picha kwa ajili ya familia hajakubali awe ukurasa wa daftari litakalosomwa na watahini. Omba ruhusa, waeleze zitakwenda wapi, na ukipiga watoto wadogo, wa kutoa ruhusa ni mzazi au mlezi. Andika daftarini kwamba uliomba. Na mtu akikataa, kukataa kwake nako ni sehemu ya kazi: utapiga nini badala yake? Baadhi ya kazi nzuri nilizowahi kusahihisha zilianza kwa mtu kukataa kupigwa uso.

Nije kwa baba yako, na kwa jambo ambalo mwanafunzi wa Fizikia na Hisabati angepaswa kumweleza mwenyewe. Kamera ni chombo cha kupima mwanga. Kuna mambo matatu tu ya kushika: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao shata, yaani pazia la ndani ya kamera, inabaki wazi, na wepesi wa kihisi kupokea mwanga, ambao tunauita ISO. Matundu yanaandikwa kwa namba zinazoonekana za ajabu: f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16. Wanafunzi wengi huzikariri. Wewe usizikariri, zidisha tu kila namba kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 1.4, utapata inayofuata. Sababu ni kwamba mwanga unapita kwenye eneo la duara, na eneo linategemea kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Kipenyo kikigawanywa kwa 1.4, eneo linabaki nusu, na namba ikiwa kubwa tundu ni dogo. Kwa hiyo kila ukipanda hatua moja, mwanga unabaki nusu. Ukipiga kwa f/8 na shata ya sehemu 1 ya 125 ya sekunde, mwanga unaoingia ni sawa na ukipiga kwa f/5.6 na sehemu 1 ya 250. Picha zitakuwa na mwangaza uleule lakini hazitafanana: ya pili itamgandisha zaidi mtoto anayekimbia, na vitu vilivyo nyuma yake vitapoteza ukali zaidi. Kuchagua kati ya hizo mbili ndiyo sanaa. Kujua kwamba zinalingana ni hesabu.

Ukiingia kwenye taa za studio utakutana tena na Fizikia. Taa ndogo ukiisogeza mbali mara mbili, mwanga unaomfikia mtu hauwi nusu, unakuwa robo. Ndiyo maana mtu aliye karibu sana na taa anatoka mweupe huku ukuta wa nyuma yake ukiwa mweusi, na ukimrudisha nyuma pamoja na kuongeza nguvu ya taa, uso na ukuta vinakaribiana. Nimewahi kuwa na wanafunzi waliokariri kanuni hiyo kwa mtihani wa Fizikia bila kuielewa, wakaja kuielewa wakiwa wameshika taa.

Na kuna kemia, kama shule yenu ina chumba cha giza, yaani cha kusafishia filamu na kuchapa picha kwa dawa. Uliza. Zipo zinazokitumia bado na zipo zilizokigeuza stoo. Filamu inasafishwa gizani kabisa au ndani ya tangi lililofungwa, kwa sababu filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe inaona rangi zote. Karatasi ya kuchapia picha za nyeusi na nyeupe haioni nyekundu, kwa hiyo hapo unafanya kazi chini ya taa nyekundu na unaona sura ikijitokeza polepole ndani ya sinia la dawa. Bila kifaa cha kukuzia picha bado kuna njia. Mwanasayansi Mwingereza John Herschel alivumbua mwaka 1842 uchapaji wa bluu unaotumia chumvi mbili za chuma: unapaka mchanganyiko kwenye karatasi, unaacha ikauke gizani, unaweka juu yake jani au negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa), unaianika juani, unaosha kwa maji. Palipopigwa na jua panabaki bluu iliyokolea, palipofunikwa panabaki peupe. Mwaka uliofuata Mwingereza mwenzake, mtaalamu wa mimea Anna Atkins, alianza kutoa kurasa za mwani kwa njia hiyo, bila kamera yoyote. Kwa kigezo cha kujaribu vifaa na mbinu, mchana mmoja wa kazi hii, ukiwa na glavu na mwalimu karibu, unafaa kuliko vichujio mia moja vya simu.

Hapo nimegusa swali lako la simu. Simu inatosha kuanzia, na kwa baadhi ya wanafunzi inatosha hadi mwisho. Jambo la muhimu ni programu ya kamera inayokuruhusu kuweka mwenyewe kasi ya shata na ISO, na kuhifadhi faili ghafi ambalo simu haijalipikia rangi. Simu nyingi za leo zinaweza, ama kwa programu yake yenyewe ama ya kupakua. Lakini ujue mpaka wake. Tundu la lenzi ya simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo ile hesabu niliyokueleza utaisoma bila kuigusa. Ule ukungu mzuri nyuma ya mtu ambao simu inautoa haukutoka kwenye lenzi, umekokotolewa na programu. Angalia kingo za nywele na masikio utaona ilipokosea. Mtahini anayeijua kazi yake anaona pia. Kwa hiyo usiseme daftarini kwamba "nilifungua tundu" wakati simu yako haina tundu la kufungua. Sema ulichofanya kweli.

Kabla ya kumwomba baba kamera, muulize mwalimu kama shule inaazima. Zinazofundisha somo hili kwa kawaida zina kamera kadhaa, stendi na taa za zamu. Na ukifikia kununua, kamera iliyotumika ya miaka ya nyuma yenye lenzi ya kubadilishwa inafanya yote ambayo mtaala unayataka. Mtu akikuambia huwezi kufaulu bila kamera mpya, ana duka. Hela uliyookoa ipeleke kwenye stendi imara, na kwenye diski ya kuhifadhia kazi zako nje ya simu. Diski hiyo si anasa. Kazi ya mwaka mzima ikipotea na simu iliyodondoka kwenye maji, hakuna bodi itakayokupa alama za huruma. Weka nakala sehemu mbili zilizo mbali moja na nyingine.

Kuchora hakuhitajiki. Michoro ya vijiti ya kuonyesha taa ilikuwa wapi na mtu alikuwa wapi inatosha kabisa. Unachohitaji ni kuandika, na hapa ndipo wengi hushtuka, maana walikimbilia somo hili wakidhani wanaikimbia insha. Kuandika juu ya picha kuna namna yake. Tuseme unamchunguza Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948 na kupiga wateja mbele ya vitambaa vya maua na madoido, kitambaa cha kwanza kikiwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Sentensi ninayoisoma kila mwaka ni hii: "Keïta ni mpiga picha maarufu na kazi zake zinanivutia sana." Haina kitu ndani. Linganisha na hii: "Keïta anaweka nguo ya maua mbele ya kitambaa cha maua, na ukingo wa mwili unakaribia kupotea, uso na mikono ndivyo vinavyobaki wazi. Nilipojaribu kwa fleshi, kivuli kikamtenga mtu na kitambaa, kwa hiyo nikarudia nje, kwenye mwanga laini." Mwandishi wa sentensi ya pili ameangalia, amejaribu, ameshindwa, amerekebisha, kwa mistari mitatu. Hakuhitaji misamiati mizito wala wasifu wa Keïta kutoka utotoni. Tabia ya kunakili wasifu ndiyo ugonjwa wa somo hili. Tarehe ya kuzaliwa ya msanii haijawahi kumwongezea mtu alama.

Na ukishasoma hivyo kidogo, utaanza kuona vitu ambavyo wasifu hauvitoi. Keïta alikuwa akibadilisha kitambaa kila baada ya miaka michache, na baadaye vitambaa hivyo vikasaidia kukadiria picha fulani ilipigwa lini. Wazo kama hilo linaweza kukufungulia mada nzima: ni nini nyuma ya watu katika picha za familia yenu, na kinasema ni mwaka gani?

Kuhusu picha zinazotengenezwa na akili bandia, jibu langu ni fupi. Kazi unayoikabidhi unatia saini kwamba ni yako. Kama umetumia chombo cha namna hiyo kwa jaribio, sema wapi na kwa nini, na fuata kanuni za bodi yenu. Ukificha, unahatarisha matokeo yako yote, na kwa kuwa daftari linaonyesha kila hatua, picha isiyo na hatua nyuma yake inajitokeza yenyewe.

Sasa usanifu majengo. Hapa nadhani wasiwasi wako umekaa mahali pasipo pake. Unaogopa kwamba hujui kuchora kwa ajili ya Upigaji Picha, ilhali Upigaji Picha hauna shida na hilo. Penye shida ni huko unakotaka kwenda. Vyuo vingi vya usanifu majengo huomba jalada la kazi za ubunifu, na vingi hutaka kuona mkono wako ukichora, hata kama si kwa ustadi mkubwa. Upigaji Picha utakupa nusu nzuri ya jalada hilo: jicho la mwanga, la nafasi, la vifaa vya ujenzi, na mazoea ya kueleza wazo lilivyokua. Nusu nyingine itabidi uianze mwenyewe kwa penseli, dakika chache kila siku, kuanzia sasa. Unaweza kuviunganisha. Chagua jengo moja kwa utafiti wako binafsi. Utaona mara moja kwamba ukiinua simu kupiga jengo refu, kuta zinainama kama zinataka kukutana juu. Wanafunzi hudhani lenzi ni mbovu. Lenzi haina kosa, wewe umeinamisha kamera nyuma. Shikilia kamera wima kabisa na kuta zinasimama. Ila sasa juu ya jengo pamekatika na chini umepata barabara tupu. Utafanya nini? Utapanda ghorofa ya jengo la jirani, utarudi nyuma, utatumia lenzi ya pembe pana na kukata sehemu ya chini, au utakubali kuta ziiname kwa sababu ndivyo mtu anavyoliona akiwa chini yake? Kila jibu lina picha yake, na mchoro wa penseli pembeni wa kila jibu ni zoezi la usanifu tayari.

Baba yako ana hoja moja ninayoikubali. Kuna kozi ambazo mlango wake unafunguliwa na masomo maalumu, na nafasi ulizonazo ni chache. Udaktari utataka Kemia, na mara nyingi Baiolojia. Uhandisi utaitaka Hisabati, na mara nyingi Fizikia. Ukishazishika hizo, nafasi inayobaki mara nyingi ni yako. Fungua tovuti za vyuo vitatu au vinne unavyoviwazia, soma masharti ya kujiunga neno kwa neno, uone kama kuna chuo kinacholikataa somo hili au kinachotaka jingine mahali pake. Fanya hivyo pamoja na baba, kwenye meza moja. Kwa Fizikia, Hisabati na usanifu majengo, sioni mlango unaofungwa, lakini usilichukue neno langu badala ya masharti yao.

Kazi za baadaye sizisemi sana, maana miaka 16 ni mapema. Wachache wanaosoma somo hili wanaishi kwa kamera tu. Wengi zaidi wanaitumia ndani ya kazi nyingine: wahandisi wanaorekodi hatua za ujenzi, wanasayansi, waandishi wa habari, walimu, wabunifu.

Ninachokuomba ulipime kwa uzito ni muda. Somo hili halisomeki usiku wa kuamkia mtihani. Mwanga wa saa kumi na mbili jioni hautakungojea umalize zoezi la Hisabati, na siku ya mawingu haiji kwa ratiba. Kila wiki utakuwa na kitu cha kupiga, kuchapa, kubandika, kuandika. Mwanafunzi wa masomo mengine anaweza kulala mwezi mmoja akaamka na kukimbia. Wa Upigaji Picha akilala mwezi, daftari lina tundu, na tundu linaonekana. Tena msimu wa kukamilisha jalada huwa karibu na msimu wa mitihani ya masomo mengine. Anayepanga wiki zake hufanikiwa hata kama hana kipaji cha kushangaza. Mwenye kipaji asiyepanga hunipa majonzi kila mwaka.

Kwa maelezo yako, ningekwambia lichukue, kwa sharti moja ambalo unaweza kulijaribu kabla ya fomu kurudishwa. Chagua kitu kimoja kisichovutia: ngazi, kiti, dirisha la chumba chako. Kipige kila siku kwa majuma mawili. Usimtumie mtu picha hata moja. Kila siku andika sentensi tatu: ulijaribu nini, kilitokea nini, kesho utabadilisha nini. Usifute chochote. Kufikia siku ya tano utachoka, na hapo ndipo ninapotaka uangalie. Kama uchovu unakufanya ubuni, uzime taa, ulale chini, usubiri mvua, utalipenda somo hili. Kama unakufanya utamani shughuli inayofuata ambako watu watakusifu, endelea kupiga picha kwa furaha yako, chukua somo jingine, na hakuna ulichopoteza.

Wakati huohuo nenda kwa mwalimu wa somo shuleni kwenu ukamwulize haya: tunafuata bodi gani na alama zinagawanywaje; kamera na taa za kuazima ni ngapi na zinagombaniwa na wanafunzi wangapi; gharama za kuchapa na karatasi ni za shule au za mzazi; chumba cha giza kinafanya kazi? Kisha mwombe akuonyeshe madaftari mawili ya mwaka uliopita, moja lililopata alama za juu na moja la katikati, ukiwa na baba yako kama anaweza kuja. Lisome lile la katikati kwa makini zaidi. Mara nyingi lina picha nzuri kuliko unavyotegemea, na ukipekua kurasa zake utaona mwenyewe ni wapi mwenzako alipoacha kuandika.